Mstari wa Chini

Shangazi yangu alikuwa mfasiri, na ugonjwa wake ulikuwa asili za maneno. Umpelekee cheti cha kuzaliwa au mkataba wa nyumba, atakufasiria vizuri, kisha chini ya ukurasa, bila kuombwa, ataongeza neno fulani lilitoka wapi. Nyumbani tulimwita Mama Mizizi. Alicheka tu, akaendelea.

Siku moja ofisa wa usalama alimletea makala ya Kiingereza kutoka gazeti la ng'ambo. Ilimsifu mwalimu mmoja, bila kumtaja jina, aliyeandika kupinga shule yake kuvunjwa, na maandishi yake ikayaita "polemic". Shangazi akafasiri: hoja kali za kumpinga mtu. Chini akaongeza, kwa raha zake: "Asili yake ni neno la Kigiriki, maana yake vita." Akagonga muhuri.

Kesho yake baba, mdogo wake wa kuzaliwa, alichukuliwa darasani mbele ya wanafunzi. Ndipo shangazi alipomjua yule mwalimu.

Akaitwa ofisini, nikamsindikiza. Tafsiri yake ilikuwa mezani, na mstari mmoja tu ulikuwa umezungushiwa kalamu nyekundu, ule wa chini.

"Mama, hii kazi yako?"

"Yangu, mwanangu. Lakini asili si maana. Siku hizi ni watu kubishana tu, hakuna anayeshika silaha."

"Sijauliza hayo. Umeandika vita. Kama ni kweli, utakuja kulisema mahakamani. Kama si kweli, umegonga muhuri juu ya uongo. Lipi?"

Niliogopa atasema kweli, maana sikuwahi kumsikia akidanganya juu ya neno.

"Si kweli," alisema. "Nilibuni, nionekane msomi."

Akanyang'anywa muhuri wake, ukabaki mezani pale. Baba akarudi baada ya wiki, amekonda, anashtuka kila mtu akipiga hodi. Shule ilishavunjwa. Shangazi naye akaanza kushonea watu vifungo na zipu, na vitabu vyake akavisukuma chini ya kitanda.

Jioni moja nilitaka kumchangamsha. Nikamuuliza, "Shangazi, hivi neno shule lilitoka wapi?"

Aliinuka, akafunga dirisha, akatia na komeo.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Na wewe usiwe unaulizauliza."