Ng'ombe Weupe wa Kijiji cha Ufaransa

Kijiji anachoishi binti yangu kule Ufaransa ni kidogo, hakifiki hata nusu ya Nambis, kijiji chetu. Kina kanisa la mawe, mto wenye daraja moja, tangi la maji refu kama mnara, na nguzo yenye majina ya waliokufa vitani. Basi. Mlima hakuna. Mimi nimezoea kuinua macho, nikauona Hanang, nikajua nimesimama wapi. Kule unainua macho unakuta mawingu.

Nilikwenda miezi mitatu kumsaidia, maana anafanya kazi mbali. Nilitaka jambo moja tu, kumchukua mjukuu wangu shuleni mimi mwenyewe. Nimelea watoto saba, nikalishwe ndani kama mgonjwa? Binti yangu alinipeleka mara nne kunionyesha njia, ndipo akakubali.

"Mama, ukifika kwenye tangi, kata kulia."

"Nimesikia."

Tangi sikulishughulikia. Kwenye ile kona palikuwa na ng'ombe weupe ndani ya uzio, na mara zote nne nilizopita walikuwepo. Nikaweka alama hapo. Kwetu zizi ni zizi, jioni ng'ombe utawakuta pale pale walipolala jana.

Siku yangu ilipofika nikatembea mpaka nikawaona ng'ombe, nikakata kulia. Nikaenda, nikaenda, nikatokea kwenye shamba la alizeti. Kumbe wale watu huwahamisha, leo uzio huu, kesho ule, na usiku wanawaacha huko huko! Nikarudi nitafute wa kumwuliza. Milango imefungwa, madirisha yamefungwa, kijiji kizima kama kimehamia mnadani. Mwishowe nikaona ncha ya kanisa, nikaifuata.

Nilipofika shuleni, lango lilikuwa limefungwa. Binti yangu alikuwa amesimama nje na mtoto. Mwalimu alikuwa amempigia simu, naye akatoka kazini, akaja mbio. Nikawaeleza habari ya ng'ombe.

"Bibi, ulikwenda kuchunga?" mjukuu akaniuliza.

"Nyamaza wewe."

"Mama, tangi lote lile hukuliona?" binti yangu akasema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Kuanzia kesho jirani atamchukua."

"Nipe siku moja tu."

"Hapana, mama."

Wiki zote zilizobaki, jirani, mwanamke asiyejua hata shikamoo, ndiye aliyeniletea mjukuu wangu mlangoni. Nilikuwa napokea begi, nasema asante kwa lugha yao, halafu nafunga mlango kama wao.