Sahani ya Mvushaji

Niliitafuta riwaya ile miaka yangu yote ya chuo kikuu, na nilipoipata nilikuwa nimechoka kiasi cha kutofurahi.

Niliijua tangu shule ya bweni ya mapadri. Kule tulikula kimya. Kuongea mezani lilikuwa kosa, na badala ya maongezi mwanafunzi mmoja alisimama mwisho wa chumba cha kulia akatusomea kitabu cha Kifaransa mpaka kengele ilie. Yeye alikula baadaye, peke yake, bukari, ugali wetu, iliyokwisha kupoa. Mwaka ule msomaji alikuwa rafiki yangu wa darasani, mtoto wa familia ya Kasai. Baba yake alikuwa karani wa reli. Sisi kwetu ni kaskazini mwa Katanga, na baba yangu pia alikuwa mtu wa reli, lakini wa nyundo, si wa kalamu. Wakati huo tofauti hiyo ilitufaa kwa kutaniana tu.

Riwaya ilikuwa habari ya mvushaji, mtu wa nchi za theluji aliyevusha watu mtoni kwa mashua yake. Aliondoka nyumbani kwa hasira, akakaa miaka ng'ambo, na jioni moja akarudi. Alichungulia dirishani. Mezani, mahali pake, aliona sahani imefunikwa kifudifudi. Mama yake alikuwa akiiweka pale kila jioni tangu aondoke. Mvushaji akasukuma mlango, akaketi, akanyoosha mkono kuigeuza ile sahani, na kengele ikalia.

Hakuna aliyeinuka. Hata wale waliokuwa wakipigana mateke chini ya meza walitulia.

Kesho yake ilikuwa Jumatano ya Majivu. Kwa ajili ya Kwaresima mapadri walibadili kitabu, wakatuwekea maisha ya mtakatifu aliyekula mizizi jangwani, na baada ya Pasaka mvushaji hakurudi tena. Rafiki yangu alipoulizwa nini kilifuata, alisema kitabu kimefungiwa kabatini.

Nilikuwa mtu wa kuuliza. Niliwauliza mapadri kwa nini Mungu anayejua Kiluba anaombwa kwa Kilatini. Chuoni niliwauliza walimu mambo waliyotaka tuyaandike tu. Katanga ilipojitangaza kuwa nchi, yenye bendera yake na pesa yake, niliuliza nchi ya nani, mpaka baba akaniomba niulize kwa sauti ndogo. Lakini swali lililokaa nami usiku na mchana lilikuwa dogo kuliko hayo: chini ya sahani kulikuwa na nini? Je, mama alikuwa bado yupo kumtazama akila?

Siku hizo mji wetu ulikuwa bado unaitwa kwa jina la malkia, na maduka ya vitabu yalikuwa upande wa wazungu. Moja lilikimbiwa na mwenyewe miezi ya kwanza ya uhuru, akafunga mlango na kuacha vitabu rafuni. Nilikuwa nasimama nje, shingo imepinda, nikisoma migongo ya vitabu kupitia kioo. Jua liliipausha rangi yake mpaka majina yakaanza kufutika, na nilikwisha kuyajua yote. Riwaya yangu haikuwamo. Duka la misheni nalo lilikuwa na katekisimu, rozari, na yule mtakatifu wa mizizi.

Likabaki duka la mjane mmoja Mbelgiji. Kabla ya uhuru aliniita "weye" na kunikataza kugusa. Sasa aliniita Monsieur na kunikataza kugusa. Mimi nilimsemesha kwa Kifaransa, yeye alinijibu kwa Kiswahili cha jikoni kwake, na hakuna aliyetaka kumwachia mwenzake.

"Monsieur, kitabu ile hapana iko."

"Ulisema itakuja, Madame."

"Ndege ya Bruxelles inaleta bunduki na bia. Kitabu, hapana. Weye rudia mwezi kesho."

Nilirudia mwezi kesho, na mwezi uliofuata. Kila mara niliapa njiani kwamba siendi tena, kisha nikajikuta nimeshika kitasa cha mlango wake. Mara nyingine nilikuta barabara imefungwa, risasi zinasikika upande wa uwanja wa ndege, nikageuka nyumbani. Siku moja nilikuta dirisha lake limepigiliwa mbao. Sikushangaa. Nilikaa ukingoni mwa barabara, nikavua kiatu, nikatoa kijiwe.

Niliipata pale ambapo sikuwa naitafuta. Katika soko la Kenya, mtaa jirani na wetu, mama mmoja alikuwa ametandika kitenge chini na juu yake vikombe, pasi, viatu vya mtoto na fungu la vitabu. Niliona mhuri wa shule yetu. Wanajeshi walikuwa wameifanya shule kambi, na vitu vilikuwa vinatoka.

"Mama, hii vitabu imetoka wapi?"

"Inatoka kwenye inatoka. Unanunua ao unafanya anketi ya polisi?"

"Na hiki unakiuza?"

"Yote hapa ni ya kuuzisha, baba, ila miye."

Ilikuwa riwaya yenyewe, nakala ileile tuliyosomewa. Nilipofika nyumbani, mtaa wa Katuba, niliketi mlangoni penye mwanga na kuifungua. Hapo ndipo nilipoona kwamba kurasa nyingine zilikuwa zimefungwa pamoja kwa pini, na pini zimeshika kutu. Padri mkubwa wa shule ndiye aliyezifunga, ili msomaji aruke yale ambayo yeye padri hakuyapenda. Nilichomoa pini kwa meno. Nilitazamia mapenzi. Kumbe ilikuwa mgomo: wavushaji wote wa mto wanaweka makasia chini na kukataa kumvusha mtoza kodi na askari wake.

Nikatafuta dirisha. Nikatafuta sahani. Hazikuwamo, wala kwenye kurasa zenye pini, wala kabla yake. Nikarudi mwanzo. Mama wa mvushaji alikuwa amekufa ukurasa wa kwanza kabisa, amezikwa kwenye theluji. Siku ile tulisomewa hivyo, bila shaka, lakini sahani zilikuwa zinagawiwa, na kelele zake zilimeza maneno. Chumba kizima cha wavulana kilimlilia mama aliyekwisha kuzikwa, na mimi mwenye kuuliza kila kitu sikuuliza yuko hai tangu lini.

Nilifunga kitabu nikiwa katikati. Sikutaka tena mwisho wa kile kitabu. Nilitaka mwisho wa ile sahani, na aliyekuwa nao ni mtu mmoja: yule rafiki yangu aliyetusomea.

Alikuwa katika kambi ya wakimbizi. Watu wa Kasai, waliohesabiwa wageni katika nchi hiyo mpya, walikuwa wamewindwa nyumba kwa nyumba, wakakimbilia nje ya mji kwa askari wa Umoja wa Mataifa, wale wa kofia za buluu, na pale porini ulizuka mji mwingine wa maturubai na mabati. Ili kufika nilipita kizuizi cha wanajeshi wa Katanga.

"Weye muntu wa wapi?" mmoja aliniuliza, akishika kitambulisho changu juu chini.

"Wa hapa."

"Bote banasema ni ba hapa."

Alinitazama pua, akatazama kitabu, akanipisha kwa kidole.

Rafiki yangu nilimkuta kwenye mstari wa maji, ndoo mbili mkononi, amekonda.

"Eh, mwanafilozofi! Weye pia bamekufukuza?"

"Hapana. Nimekuja kuuliza."

"Basi haujabadilika." Akaona kitabu. Akaweka ndoo chini. "Umeitosha pini?"

"Nimezitoa. Ile sahani haiko."

Alicheka mpaka watu wa mstarini wakageuka. "Ningefanya nini? Ningeruka kurasa, mungepiga masahani na vijiko, halafu azabu ni yangu. Padri mwenye kutulinda alikuwa hasikii. Nikaanza kutunga, nimesimama vile, njaa inaniuma."

"Mama yake alikufa ukurasa wa kwanza."

"Kweli? Nilisahau, ndugu yangu." Akafuta macho. "Na ndani ya pini mulikuwa nini?"

"Hukuchungulia?"

"Padri alikuwa anaangalia pini kila jioni. Miaka yote najiuliza."

Nilimwambia habari ya mgomo. Alisikiliza mdomo wazi, hata mstari ukasogea na mwanamke wa nyuma akamsukuma: "Baba, kama hautake maji, pisha benye kiu!"

Tulibeba ndoo mpaka turubai lao. Njiani nilimuuliza lile nililokuja kuuliza: mvushaji aligeuza sahani, akakuta nini?

"Siyui," alisema. "Nilikuwa nitatunga kesho yake. Halafu Majivu ikaingia."

Mbele ya turubai mama yake alikuwa anapepeta unga. Nilimwamkia, naye akanipa kigoda. Kwenye sanduku lililogeuzwa meza palikuwa na sahani mbili za bati za chakula cha wakati huo, na ya tatu, pembeni, imefunikwa kifudifudi vumbi lisiingie. Rafiki yangu aliona ninakotazama.

"Ni ya baba," alisema polepole, kwa Kifaransa, mama asielewe. "Alirudi nyumbani kuchukua mashine ya kushona. Ni zamani kidogo. Usimuulize kitu."

Sikuuliza. Tulikula. Mama alitaka kujua kama mwembe wa uani kwao bado unazaa, nikasema unazaa, ingawa sikuwa nimepita mtaa wao. Upepo ulipuliza vumbi, naye akanyoosha mkono akaisogeza ile sahani ndani kidogo, mahali pasipo upepo.

Nilipoinuka nilimwachia rafiki yangu kitabu.

"Umeimaliza?" aliuliza.

"Bado."

"Basi utaisoma wakati gani?"

"Soma weye kwanza."

Alikifungua palepale, akaanza kutafuta kwa kidole matundu ya pini.

Kwenye kizuizi askari alikuwa yuleyule. Aliitazama mikono yangu.

"Kitabu yako iko wapi?"

"Nimeiacha."

"Ilikuwa inasema nini?"

Nilimwambia sijui, sikuimaliza. Akanirudishia kitambulisho, nikashika njia ya Katuba.