Mume Wangu Alioa kwa Posho Niliyoibana

Msomaji huyu wa Mji wa Kale ametuomba tumfichie jina, na majina ya watu wake ameyabadilisha mwenyewe. Maneno tumeyaacha kama alivyoyaleta.

Assalaam alaykum. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nina watoto watatu, naishi Kibokoni. Mume wangu, nimwite Baba Aziza, ni karani bandarini. Niliolewa miaka michache kabla ya uhuru, na tangu hapo sijawahi kumwomba posho kabla ya mwezi kwisha. Nawaandikia nikiwa na hasira, na wa kuja kunituliza asijisumbue.

Jamani, mimi kubana najua. Nazi moja naikamua mara tatu. Tui zito la kwanza ni la sahani yake yeye, la pili la mchuzi, la tatu napikia mchicha wangu na wanangu. Marikiti siendi asubuhi, naenda wauza samaki wakishachoka, kichwa cha nguru nakipata kwa bei ya kutupa. Wali wa jana naukaanga kwa kitunguu na bizari, watoto wanaugombania. Mama mkwe alikuwa akinisifu kwa watu mpaka naona haya.

Kumbe sifa zile zilikuwa zaniumiza. Baba Aziza alikuwa akinipa shilingi mia kwa mwezi. Siku moja akachungulia debe la mchele, akasema, "Mama Aziza, mbona mchele umebaki? Basi themanini zatosha." Nikabana. Akaona nimeweza, akashusha mpaka sitini. Maziwa ya watoto nikayakata. Mimi nikawa nala mwisho, ukoko na chumvi, na yeye hajui kama nimekula au sikula. Nikiuliza, ananiambia mambo ni magumu kazini. Nikamwamini, wallahi, nikamwonea na huruma.

Ijumaa moja akarudi kutoka msikitini amejitia udi, akaketi, akaniambia, "Nimeoa. Nimempangishia chumba Tononoka."

Nikamuuliza, "Kwa pesa gani, na mambo ni magumu?"

Akacheka! Akasema, "Wewe ndiye uliyenisaidia. Lau hujui kukadiria, mahari ningeyatoa wapi?"

Basi ule ukoko wote niliokula ndio uliomwolea mke. Nililia siku hiyo moja tu, nikasema silii tena, huyu nitamtia adabu. Na nafasi akaniletea mwenyewe kwa mikono yake. Hata mwezi haukwisha, akaja na bibi harusi wake mpaka jikoni kwangu, mtoto wa kike wa miaka kumi na tisa, fundi wa mashua wa Liwatoni ndiye babake. Nimwite Rukia. "Mfundishe mwenzako kupika kwa posho ndogo," akaniambia, bila hata haya usoni. Nikajibu, "Inshaallah, Baba Aziza. Nitamfundisha vizuri."

Nikamfundisha! Nikamwambia wali wa nazi hauwi wali bila nazi tatu, na tui ni lile la kwanza tu, chicha mwagia kuku. Nikamwambia mume wetu papa humsokota tumbo, mpe nguru wa kukaanga, Ijumaa mchinjie kuku. Samli nikamwambia asiipime, amimine mpaka roho yake iridhike. Rukia akaitikia kila neno, "Naam, dada."

Mwezi haukufika kati, chumba cha Tononoka hakina hata chembe ya mchele. Mwezi wa pili vivyo hivyo. Baba Aziza akauza baiskeli yake, akawa aenda bandarini kwa miguu, kanzu imemrowa jasho. Akanilalamikia, nikamwambia, "Mvumilie, bado anajifunza." Nyie, nilifurahi! Nilikuwa nikimwona apita juani naona moyo wangu wapoa.

Juzi Rukia akaja peke yake baada ya alasiri. Nikadhani amekuja kulia. Akakaa kwenye mbuzi, akanichukulia nazi mkononi, akaikuna upesi kunishinda, akakamua mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila tui kwenye bakuli lake.

"Dada," akasema, "kwetu tu watu kumi. Wadhani sijui tui la pili?"

Nikamuuliza, "Sasa mbona unalimwaga?"

"Kwa sababu wewe umenionyesha njia. Mimi simtaki. Aliniambia wewe umeridhia, na babangu hanipokei bila talaka. Jana ameapa posho isipofika mwisho wa mwezi huu, ataniacha. Sasa nifundishe pilau ya watu wengi, nataka Ijumaa nialike wanawake wote wa nyumba ile ya Tononoka."

Tulicheka, nyie, mpaka machozi. Pilau nimemfundisha, nyama ratili kumi, na Ijumaa ni kesho kutwa.

Lakini jana Baba Aziza ameniambia, "Nikimwacha yule mbadhirifu, narudi kwako moja kwa moja. Sitini zako ni zile zile." Akarudi kwenye kiti chake, akangojea chakula. Nilimtazama shingo yake, nikajua simtaki tena mimi pia.

Ningeweza kumpikia kama nilivyomfundisha Rukia, posho ikamwishia, na mimi nikapata talaka yangu. Lakini Rukia hana mtoto. Nyumba hii posho ikiisha, wa kwanza kulala njaa ni Aziza na nduguze, si yeye. Yeye atakula hotelini.

Msiniambie nimsamehe, sikuja kwa hilo. Nishaurini jamani, nimkomeshe vipi mtu huyu bila wanangu kukosa chakula?