Chaki ya Cherehani

Shangazi alishona nguo kwa miaka ishirini, mpaka macho yake yakaanza kugombana na tundu la sindano. Alipouza cherehani, baba alimkaribisha kwenye yadi yake ya magari mabovu akidhani dada yake ataketi langoni na kupokea wateja. Wiki ya pili alimkuta chali chini ya pikapu, spana mkononi.

"Dada, hiyo ni kazi ya mafundi."

"Na mimi nilikuwa nani, mpishi? Kufumua ni kufumua."

Huu ni mwaka wa tisa. Bado ana pini tatu kwenye ukosi wa ovaroli, hajui za nini, na mfukoni kipande cha ile chaki bapa ya kuchorea vitambaa. Mafundi wanamwita Bi Kesho, kwa sababu bolti yenye kutu huisugua kwa brashi ya waya, akaitia mafuta, kisha akamwambia mwenye haja: njoo kesho. Jina hilo analipenda. Anaitika.

Muuza mikate alifika Jumatatu, jasho likimtiririka. Mlango wa gari lake, ule wa kusukuma pembeni, ulikuwa umefungwa kwa kamba. Kimkono cha chuma kinachoushika kwenye reli yake kilikuwa kimekatika, na wiki iliyotangulia kreti mbili za mikate zilimwagika barabarani. Shule aliyokuwa akiipelekea ilimwambia atengeneze mlango au watafute mwingine. Alikuwa amezunguka wiki nzima kutafuta kimkono kama kile. Kilikuwepo kimoja tu, kwenye gari kuukuu lililokaa nyuma ya yadi yetu bila injini, na kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva.

"Nusu saa tu, mama. Nyundo mbili, tatu, mimi huyo."

Shangazi alimwinamisha akamwonyesha. Bolti tatu zilipita kwenye mlango na kuingia kwenye nati zilizochomelewa kwenye kimkono chenyewe. Bolti ikikatika, kipande kingebaki humo ndani, na chuma kilivyokonda, kisingestahimili drili. Moto wa kulegeza kutu nao haukufaa. Tangi la petroli lilikuwa shubiri mbili kutoka pale.

"Kutu ni mgeni aliyekaa sana," Shangazi alisema. "Ukimfukuza kwa kelele, anaondoka na vyombo vyako. Njoo kesho."

Alikuja kesho, na keshokutwa. Kila mara mafuta yaliongezwa, bolti zikagongwagongwa kidogo, naye akarudishwa na kikombe cha chai tumboni. Alhamisi Shangazi alitandika boksi chini ya mlango, akampa muuza mikate tochi.

"Lala hapo."

"Mama, nimevaa shati jeupe."

"Ndiyo maana nimekutandikia."

Alichora mstari wa chaki juu ya kila kichwa cha bolti hadi kwenye bati, na mwingine upande wa chini, mkia wa bolti ulipotokeza kwenye nati.

"Mimi nakiona kichwa, wewe unauona mkia. Vikienda pamoja, tunafumua. Kichwa kikienda peke yake, bolti inasokotwa, inataka kukatika. Hapo useme."

Kwanza aliikaza bolti kidogo. Muuza mikate aliguna kule chini, lakini kutu ililia, na ndipo Shangazi akaanza kulegeza: robo mbele, nusu robo nyuma, mafuta. Ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu, mstari wa kichwani ukaachana na wa kwenye bati.

"Mkia?"

Muuza mikate alisogeza tochi karibu na nati.

"Nauliza mkia."

"Haujaenda. Acha, mama. Acha kabisa."

Shangazi alirudisha spana pale ilipotoka, akaidondoshea bolti mafuta, akapangusa mikono.

"Sasa wewe ndiye mwenye mikate. Tujaribu tena, au?"

Mafundi wawili walikuwa wameacha kazi zao wasikilize. Muuza mikate alibaki amelala, tochi ikimulika mkia ule ule.

"Kesho," akasema.

Kicheko kilichopigwa yadi ile kiliwatimua kuku.

Ijumaa alikuja na shati kuukuu, akajilaza kwenye boksi bila kuambiwa. "Umeenda," akaanza kusema kutoka chini, "umeenda, umeenda tena," mpaka bolti ya tatu ikamdondokea kifuani, nzima, na alama yake ya chaki. Kimkono alikishika kwa mikono miwili kama mkate uliotoka jikoni sasa hivi.

Jumatatu gari lake lilipita nje ya lango, mlango umefungwa bila kamba. Lilisimama dukani mkabala nasi, na tukausikia mlango ukiteleza, ukafunguka, ukajifunga. Hakutusalimu, alikuwa amechelewa. Shangazi alisikiliza hadi gari likapinda kona, kisha akatoa chaki mfukoni, akairudia bolti ya gari jingine.