Herufi Niliyoifumua

Mwaka wa themanini na saba, nikiwa na miaka kumi na saba, ndipo taabu ilipoanza kuniita kwa jina langu. Baba alikufa huko kwetu Bungoma, baba zangu wadogo wakagawana shamba, na mimi nikapandishwa basi kwenda Kampala kwa kaka yangu Barasa. Barasa alikuwa akiuza mivumba pale soko la Owino, zile nguo kuukuu za marobota. Vita vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, lakini watu walikuwa bado wanageuka nyuma wakitembea. Kaka alikuwa na chumba kimoja, mke, na watoto waliolala chini ya meza. Wifi yangu alinitazama kama mtu anavyoitazama mvua inayovuja ndani. Sikumlaumu. Hata mimi nisingependa kujikuta pale.

Nakumbuka vizuri siku Barasa aliponipeleka kwa Nalongo.

Enzi hizo, mwanangu, ukishaipita Kansanga kuelekea ziwani hukukuta maduka na baa kama leo. Ulikuta nyasi. Huko ndiko Nalongo alikokuwa na ranchi yake. Nalongo si jina, ni heshima; Waganda humwita hivyo mama aliyezaa mapacha. Alikuwa mjane, mrefu, mkavu kama ukuni wa mwaka jana, na mapacha wenyewe walikuwa wamekimbilia ng'ambo wakati wa vita. Alibaki na ng'ombe wa pembe ndefu, na mchunga ng'ombe mmoja Mnyankole ambaye aliongea na ng'ombe tu. Alibaki pia na masanduku ya nguo za watu wasiokuwepo. Nguo hizo alikuwa akizikata vipande na kuviunga kuwa mablanketi ya viraka.

Alisema jambo kwa Kiganda, Barasa akanigeukia.

"Anauliza kama umesoma."

"Darasa la saba," nikasema.

Uongo. Hata hilo la kwanza sikulimaliza. Niliijua N kwa sababu jina langu ni Nekesa, na A kwa sababu ndiyo waliyoanzia. Barasa hakujua, alikuwa ameondoka nyumbani nikiwa bado nabebwa mgongoni. Nalongo akaitikia kwa kichwa, nikaonyeshwa pa kulala.

Kazi sikuiogopa. Alfajiri nilikamua, nikazoa mavi, nikapeleka maziwa barabarani. Mchana, jua likiwa kali, nilikaa na Nalongo kwenye baraza la kushonea: yeye anaunga viraka, mimi nadarizi maua pembeni, kama alivyonifundisha mama. Mkono wangu ulikuwa mzuri. Nasema mwenyewe kwa sababu waliokuwa wakisema wamekufa.

Kilichonitafuna ni ukimya. Kiganda sikukijua, na Kiswahili Nalongo alikuwa amekikataa nyumbani kwake. Kiswahili kilikuwa kimeingia mle mara moja tu, usiku, na bunduki za askari, kikasema "Fungua!" na kuondoka na mumewe. Hakurudi. Sasa mtu kama huyo utamwambia nini? Kwamba hata kwetu mama hubembeleza mtoto kwa lugha hiyohiyo? Nilinyamaza. Miezi ilipita, sauti yangu nikiitumia kuimbia ng'ombe tu, hasa Bihogo, jike jekundu lenye hasira ya mama mkwe.

Bihogo ndiye aliyevunja ukimya. Alinipiga teke la paja, ndoo ikaenda kule, mimi huku. Nalongo akaja mbio, akachuchumaa, akanishika mguu.

"Pole, mutoto," akasema. "Iko na maumivu?"

Nililia, mwanangu, wala si kwa ajili ya teke. Tangu siku hiyo akawa ananipa maneno machache kila siku, kama mtu anayetoa akiba ya njaa. "Habali ya asubuhi?" "Ludi haraka." Bihogo akipiga kelele, anamfokea: "Wewe, wacha kerere!" Lugha yake ilikuwa inachechemea, lakini ilikuwa inatembea kuja kwangu. Nilikuwa na mtu. Aliyewahi kukaa bila mtu anajua ninachosema.

Basi Barasa akatuma habari kwamba sikukuu atakuja kunitazama, pamoja na rafiki yake fundi cherehani, Mkenya mwenzetu, kijana aliyekuwa anatafuta mke. Wageni! Tangu vita hakuna mgeni aliyekaa kwenye viti vya nyumba ile. Nalongo akafungua sanduku la chini kabisa, akatoa kanzu nyeupe ya mumewe. Akaishika muda mrefu. Kisha akaikata kipande kipana, akakiweka katikati ya blanketi tulilokuwa tunaliunga, na kwa penseli akachora juu yake maneno ya Kiswahili.

"Hii ni ya watu yako," akaniambia. "Shona na uzi ya buluu. Nataka wakifika, wasome."

Je, umeielewa zawadi hiyo? Lugha ya waliomchukua mumewe, juu ya kanzu ya mumewe, ili mimi na ndugu zangu tujione nyumbani. Mimi niliielewa. Nilishona kila mstari kama nafunga kidonda. Lakini sikujua nilichokuwa nikishona.

Wageni wakaja. Blanketi likatandikwa kwenye kiti kirefu, maneno yakiwatazama mlangoni. Yule fundi akasimama, akasoma, akaanza kutikisika mabega.

"Ka-li-bu wageni! Mama, sasa hapa tumekaribishwa, ama tumekalibishwa?"

Barasa akacheka mpaka akashika ukuta. Na mimi, mwanangu, ambaye sikujua wanacheka nini, nikacheka. Nikacheka kuwashinda wote, ili nionekane nimesoma.

Nalongo hakuwatazama wao. Alinitazama mimi.

"Wewe ulijua iko na makosa?"

Pale palikuwa na njia mbili, na zote zilikuwa fupi. Ningesema: sijui kusoma. Fundi yuko pale, kaka yuko pale, darasa langu la saba liko pale.

"Nilijua," nikasema.

Akalikunja blanketi polepole. Chai ikanywewa. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema wahenga. Siku ile wageni walikuja na mwenyeji akaugua. Walipoondoka aliwasindikiza mpaka kwenye lango na kumwambia Barasa, kwa Kiganda, kwamba Jumamosi inayofuata aje anichukue. Barasa akanitafsiria bila kunitazama usoni. Sote wawili tulikijua kile chumba chake, na ile meza.

Siku zilizofuata Nalongo alikirudisha Kiswahili kule alikokuwa amekifungia. Nikisema "Habari ya asubuhi", anapita. Ananionyesha kazi kwa kidevu. Nimelala njaa katika maisha yangu, nimelala barabarani, lakini upweke wa kunyimwa neno na mtu aliyekuwa amekupa, huo sijaupatia jina. Nilikuwa nikiweka paji la uso kwenye ubavu wa Bihogo wakati wa kukamua, nisikie tu kitu kinachopumua karibu.

Ijumaa akaniwekea blanketi mapajani, na wembe.

"Fumua. Tia ya haki. Hii kanzu haiwezi baki na kicheko."

Akaenda zake kwenye zizi. Maneno hayo ndiyo pekee niliyopewa wiki nzima.

Nikabaki na wembe. Kosa lipo, lakini lipo wapi? Herufi zile zilinitazama kama watu waliopangwa polisi, na mimi niliyeibiwa sikumwona mwizi usoni. Nilijua walicheka neno la kwanza, hivyo la pili nikaliachilia. A niliijua, nikaiachilia nayo. Waliobaki nikawapima mmoja mmoja. Ile ya mwanzo kabisa ilikuwa imesimama kama mtu anayepiga teke. Nikasema, mkorofi ni huyu. Nikamfumua, uzi baada ya uzi, kwa uangalifu mkubwa, mpaka kwenye kanzu ya marehemu pakabaki matundu ya sindano tu.

Nalongo aliporudi alisimama nyuma yangu. Nikageuka, nikaona midomo yake inasoma bila kutoa sauti, anarudia, anasoma tena.

"K," akasema. "K ilikosa nini?"



Akakaa chini kwenye nyasi, mama yule wa heshima, na nguo yake safi. "Wewe hapana jua kusoma."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Niliuma mdomo mpaka nikaonja damu, kisha nikatikisa kichwa kukubali.

"Kumbe siku ile ulicheka, na hujui unacheka nini?"

Nikatikisa tena. Nilidhani atapoa. Mwanangu, hapo ndipo alipowaka. Alinikaripia kwa Kiswahili chake chote, na alikuwa nacho kingi kuliko nilivyofikiri. Alikuwa amekificha kama mimi nilivyoficha ujinga.

"Mimi wiki yote nasema, huyu mutoto ni mubaya. Alinitazama naenda kwa watu na gauni wazi nyuma, akanyamaza, akacheka. Nasema, aende! Kumbe ni mujinga tu! Sikia. Mutu mubaya, mimi nafukuza. Mutu mujinga, mimi nafundisha. Sasa wewe Mungu amekupa ujinga, kitu ndogo, kitu ya kufundishwa, na wewe unachagua ile ya kufukuzwa? Eh? Nani alikuloga?"

"Niliona aibu, Mama."

"Aibu! Mimi nimeandika makosa kwa nguo ya bwana yangu, watu wamecheka, mimi nimekufa? Leta sindano."

Uzi wa buluu ulikuwa umekwisha. Tulishona K upya kwa uzi mwekundu, juu ya matundu yaleyale, na hiyo ikawa herufi ya kwanza niliyofundishwa nikiwa mtu mzima. Kisha akaniwekea kidole juu ya ile iliyokosa kweli. Kijiti kimoja kilichosimama na kimoja kilicholala. Nikauliza kama nifumue. Akaifikiria.

"Wacha. Ndiyo namna mimi nasema."

Jumamosi Barasa alifika akakuta mizigo yangu haijafungwa. Nalongo akamwambia, kwa Kiswahili safari hii, "Ludi kwako. Mutoto bado anasoma."

Nilikaa kwake miaka mingi. Herufi zote nilizijifunza kwa sindano, ndiyo maana mpaka leo naandika polepole na mistari yangu imenyooka. Alipougua nilimpeleka hospitali ya Mulago na kulala sakafuni kando ya kitanda chake; alipofariki, jamaa zake waliuza malisho, zikaota nyumba. Mimi aliniachia mjukuu wa Bihogo na blanketi. Sikuolewa. Aliyenitaka ni yule fundi aliyecheka, na mimi sikumtaka.

Sasa sikia, maana sikuanza hadithi hii ili unionee huruma. Juzi msichana mmoja anayejifunza kushona hapa kwangu aliharibu kitambaa cha bibi harusi, akaniambia mkasi umeteleza. Mkasi hauna miguu. Hakujua kupima, na alikuwa radhi nimwite mzembe kuliko kuniambia "nifundishe". Mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua. Haya umeyasikia tangu utotoni. Mimi naongeza la Nalongo: mbaya hufukuzwa, mjinga hufundishwa. Usijivike ubaya ili kufunika ujinga, maana nguo hiyo ikishakukaa, watu watakuhukumu kwayo na hawatakuuliza ndani kuna nini. Watu wakicheka nawe hujui wanacheka nini, funga mdomo, kisha uliza. Utaona aibu kidogo tu. Kumpoteza mtu aliyekupa neno lake, hiyo ndiyo aibu inayolala nawe kitandani mpaka uzeeni. Mimi nilirudishiwa wangu kwa sababu nilifumua herufi isiyo na kosa. Si kila mtu atapata bahati ya kukosea vizuri hivyo.

Wanaodhani sijafanya kitu, basi wahesabu. Nina nyumba hapa Kansanga, ya matofali, niliyoijenga kwa mkono huu. Nina ng'ombe wanne wa zizini, wa ukoo wa Bihogo, na mmoja wao anapiga teke. Nina vyerehani vitatu, na wasichana wanaokuja asubuhi na kuondoka jioni. Nina viti sita. Mimi hukalia kimoja. Na nina blanketi moja la viraka, lenye K nyekundu na kosa moja la buluu, limetandikwa linatazama mlango.

Mungu akupe mwalimu mwenye hasira na moyo, mwanangu. Akupe kazi ya mikono, na mtu wa kukusalimu asubuhi. Nawe ukipita njia hii usisimame nje kupiga hodi nyingi. Mlango husikia hodi chache siku hizi. Sukuma, ingia, soma kilichoandikwa, ucheke ukitaka. Kalibu.