Wimbo wa Chai Inayopoa

Mchana kaka yangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Jioni alipiga gitaa la umeme kwenye baa ya jirani, akizichanganya nyimbo za nyumbani na midundo ya roki. Msitarajie nimsifu. Kipaji alikuwa nacho. Aibu ndiyo hakuwa nayo.

Mdogo wetu, kitinda mimba, alipokufa kwa homa chumbani kwetu, mama alilia akirudia maneno yale yale: "Amka unywe chai, inapoa." Kaka akayachukua, akayatungia wimbo. Mwanzoni aliuimba taratibu. Mpiga ngoma wake akamwambia, "Bwana, watu wamekuja kunywa. Ongeza mwendo." Akaongeza. Wimbo ukavuma, redio zikaupiga mpaka ukatutoka puani, na kaka akaachana na vyuma.

Mama hakuwahi kumwona jukwaani hadi alipozeeka. Nilimpeleka mwenyewe, nikamketisha mbele. Gitaa lilipoanza tu, ukumbi mzima ulisimama ukaimba: "Amka unywe chai, inapoa." Walikuwa wanarukaruka na chupa juu. Kaka alikuwa anatabasamu.

Mama akaniinamia sikioni. "Hawa wote walimjua mwanangu?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mama."

Basi akajifuta macho, akainuka kwenda kuwapa mkono mmoja mmoja, awashukuru kwa kuja kumlilia. Wa kwanza akaupokea mkono wake, akamzungusha acheze.