Wingu Katikati ya Nyota Vikongwe

"Hivi wifi yako kazini hufanya nini hasa?" jirani aliniuliza. Nikamjibu hupima nyota, tukaishia hapo, maana hata mimi sikujua zaidi.

Jumapili wifi akanikuta nakanda unga, akaweka picha mezani. Nyota zimesongamana kama mchele uliomwagika, na kati yake kuna kiwingu cha kijani.

"Huo ni moshi wa nyota inayokufa," alisema. "Lakini hizi zote ni vikongwe, wifi. Zilitakiwa zife kimyakimya, bila moshi."

"Labda wazee wawili walioana, wakarudi ujanani!"

Hakucheka. "Mkuu wangu naye anasema hivyohivyo, kwamba nyota mbili ziliungana. Mimi sijui. Wingu likienda mwendo mmoja na nyota, ni la kwao. Lisipoenda, linapita tu mbele. Nimepima mara mbili, majibu hayafanani, na taarifa inatoka kwa jina langu."

Nilimwelewa nusu, nusu nikabaki nayo kichwani inazunguka. Mwenyezi Mungu ndiye anayezijua nyota zake. Nikamuuliza nimsaidieje.

"Jumanne nina zamu ya mwisho ya darubini. Niombee anga iwe safi, nipime tena."